Mrushaji, Mpokeaji na Bei ya Uhakika

Msimu wa 2024 Kansas City Chiefs walishinda mechi 15 kati ya 17 za msimu wa kawaida wa NFL, ligi kuu ya soka ya Kimarekani. Mrushaji wao, Patrick Mahomes, ambaye wengi humhesabu kuwa bora wa kizazi chake, alirusha pasi 26 za tachidauni, yaani pasi zilizozaa bao. Mwaka huohuo Cincinnati Bengals walishinda 9, wakapoteza 8, na wakakosa hata nafasi ya mtoano. Mrushaji wao, Joe Burrow, alirusha tachidauni 43 na yadi 4,918, zaidi ya mtu mwingine yeyote kwenye ligi. Aliyepanga kikosi chake cha fantasi, mchezo wa kuchagua wachezaji halisi na kupata pointi kwa wanachofanya uwanjani, kwa kutazama msimamo wa ligi aliumia wiki hadi wiki, na huenda hadi leo hajui kosa lake lilikuwa wapi.

Kosa hilo humpata kwa urahisi mtu aliyekulia kwenye fantasi ya Ligi Kuu ya Uingereza, inayochezwa sana Nairobi, Kampala na Dar es Salaam, kisha akahamia Dallas au Minneapolis na kukuta wenzake kazini wakicheza fantasi ya siku moja. Kule Uingereza timu bora humlipa mchezaji hata kama hakugusa mpira sana, kwa kuwa beki hupata pointi 4 timu yake isipofungwa. Kwenye soka ya Kimarekani mrushaji na mpokeaji hawapati chochote kwa ushindi wa timu. Wanalipwa kwa kazi ya mikono na miguu yao tu. Tena mara nyingi ushindi mnono huwanyima kazi, maana timu inayoongoza huacha kurusha na kuanza kukimbia na mpira ili saa iishe.

Ndiyo maana neno "mchezaji wa uhakika" limekuwa chanzo cha mabishano yasiyoisha. Mmoja akilitamka anamaanisha mwenye jumla nzuri ya msimu. Mwingine anamaanisha asiyeanguka chini ya kiwango fulani wiki yoyote. Wa tatu anamaanisha anayestahili bei yake. Hayo ni mambo matatu tofauti, na mchezaji mmoja anaweza kuwa na moja akakosa mawili. Uchambuzi huu unashikilia kwamba uhakika unatokana na kazi mchezaji anayopewa kuliko jina lake, na kwamba una bei, ambayo si kila shindano linastahili kulipiwa.

Mchezo unavyokwenda

Kampuni mbili ndizo zilizotawala biashara hii: FanDuel iliyoanza 2009 na DraftKings iliyoanza 2012. Kwenye DraftKings kila mshiriki hupewa dola 50,000 za kubuni ajaze nafasi 9: mrushaji mmoja (Wamarekani humwita kwotabeki), wakimbiaji wawili, wapokeaji watatu, mpokeaji mmoja wa aina ya taitiendi anayejipanga ubavuni mwa ukuta wa mbele unaomkinga mrushaji, nafasi moja ya hiari, na safu nzima ya ulinzi ya timu moja. FanDuel hutoa 60,000. Mechi zikiisha, kikosi kimekufa. Wiki ijayo unaanza upya.

Sheria ya Marekani imesitasita kuhusu mchezo huu tangu mwanzo. Sheria ya shirikisho ya 2006 dhidi ya kamari ya mtandaoni iliiachia fantasi mlango wazi kwa hoja kwamba ni mchezo wa ujuzi. Mwaka 2015 mwanasheria mkuu wa jimbo la New York aliziamuru kampuni hizo mbili zisimamishe shughuli jimboni. Mwaka uliofuata jimbo likatunga sheria ya kuziruhusu, na ubishi ukafika hadi mahakama ya juu kabisa ya jimbo, iliyoamua mwaka 2022 kwamba sheria hiyo ni halali. Wanasheria walikuwa wanabishania swali lilelile linalomsumbua mchezaji wa kawaida: ni kiasi gani cha matokeo haya kinatokana na akili, na kiasi gani ni bahati?

Jibu linaanzia kwenye jedwali la pointi. DraftKings humpa mrushaji pointi 1 kwa kila yadi 25 za pasi, 4 kwa pasi ya tachidauni, na humkata 1 kila pasi yake inapoporwa na adui. Akifikisha yadi 300 huongezewa 3. Akikimbia mwenyewe na mpira, hupata pointi 1 kwa kila yadi 10 na 6 kwa tachidauni. Mpokeaji hupata 1 kwa kila pasi aliyodaka, 1 kwa kila yadi 10, 6 kwa tachidauni, na 3 za nyongeza akifikisha yadi 100. FanDuel hutoa nusu pointi tu kwa kudaka. Tofauti hiyo ya nusu pointi hubadilisha thamani ya wachezaji kuliko watu wanavyodhani, na nitaigusa tena.

Mrushaji: mkono au miguu?

Kambi ya kwanza inasema mrushaji wa uhakika ni yule mwenye mkono: anayerusha sana, kwa usahihi, nyuma ya ukuta imara. Hoja yao ina nguvu. Urushaji ni kazi yake ya kila wiki, na anayerusha mara 40 ana nafasi nyingi za kusahihisha makosa. Udhaifu uko kwenye tachidauni. Ni chache, na nyingi hutegemea mambo yasiyo mikononi mwake: mpokeaji aliyeangushwa yadi moja kabla ya mstari, kocha aliyeamua mkimbiaji amalizie. Peyton Manning alirusha tachidauni 55 mwaka 2013, rekodi ya ligi. Mwaka 2015 alirusha 9 na pasi zake 17 zikaporwa. Timu yake ikatwaa ubingwa msimu huohuo. Jina halikubadilika. Mkono ulikuwa umechoka, na ulinzi ndio uliobeba kombe.

Kambi ya pili inatazama miguu. Turudi kwenye jedwali: yadi moja ya kukimbia ina thamani ya yadi mbili na nusu za kurusha. Lamar Jackson wa Baltimore mwaka 2019 alikimbia yadi 1,206 katika mechi 15. Gawanya: ni pointi 8 kwa mechi kabla hajarusha pasi hata moja. Mrushaji asiyekimbia anahitaji yadi 200 hivi za pasi ili amfikie pale Jackson anapoanzia. Josh Allen wa Buffalo mwaka 2023 pasi zake ziliporwa mara 18, idadi ya kumtia aibu mrushaji yeyote, lakini alifunga tachidauni 15 kwa kukimbia. Kwa fantasi, tachidauni hizo 15 ni pointi 90, na pasi 18 zilizoporwa zilimgharimu 18 tu.

Kwa kigezo cha kutoanguka, kambi ya miguu inashinda, na sioni hoja ya kweli ya kuipinga. Siku pasi zinapogoma, miguu huokoa. Ila gharama ipo. Kwanza, soko limekwisha kulijua hilo, kwa hiyo mrushaji mwenye miguu huuzwa ghali. Pili, pointi za miguu hazigawiki. Tachidauni ya pasi humlipa mrushaji na mpokeaji pamoja. Tachidauni ya miguu humlipa mmoja tu. Mwenye kutaka kikosi cha kulipuka hupoteza hapo bila kujua.

Kuna jambo la tatu ambalo kambi zote mbili hulipitia haraka mno: hali ya mechi. Novemba 7, 2024 Bengals ya Burrow ilicheza na Baltimore. Ulinzi wa Bengals haukuweza kumzuia mtu, kwa hiyo Burrow alilazimika kurusha usiku kucha: pasi 56, yadi 428, tachidauni 4. Mpokeaji wake Ja'Marr Chase alidaka 11 kwa yadi 264 na tachidauni 3. Hesabu ya DraftKings kwa Chase ni 11, ongeza 26.4, ongeza 18, ongeza 3, jumla pointi 58.4. Bengals wakapoteza 35 kwa 34. Ulinzi mbovu wa timu yako mwenyewe ni mbolea kwa mrushaji wako, mradi timu ina uwezo wa kujibu mashambulizi. Ikiwa haina uwezo huo, utakuwa umeuziwa mbuzi kwenye gunia: mrushaji anakimbizwa, pasi zinaporwa, na mechi imekwisha kabla ya mapumziko.

Mpokeaji: hesabu pasi anazolengewa

Kwa wapokeaji mabishano ni makali zaidi, kwa sababu hapa macho hudanganya sana. Mashabiki hukumbuka pasi ndefu ya yadi 60 iliyoonyeshwa marudio usiku kucha. Wachambuzi makini huhesabu kitu kisicho na mvuto: pasi ngapi zilielekezwa kwa mtu huyu, zilizodakwa na zisizodakwa.

Sababu ni hii. Idadi ya pasi anazolengewa mtu ni uamuzi wa kocha na mrushaji, na uamuzi hurudiwa wiki baada ya wiki. Yadi kwa kila pasi hutegemea mwanya uliotokea siku ile. Tachidauni hutegemea zaidi bahati. Kwa hiyo anayetaka kujua yajayo aanze na kile kinachojirudia. Cooper Kupp wa Los Angeles Rams mwaka 2021 alilengewa pasi 191 katika mechi 17, zaidi ya 11 kwa mechi, akadaka 145 kwa yadi 1,947. Katika mechi 16 kati ya hizo 17 alipita yadi 90. Huo ndio uhakika wa aina ya pili, wa kutoanguka, na ulionekana mapema: baada ya wiki chache tu idadi ya pasi alizolengewa ilikuwa inasema wazi kwamba mashambulizi ya timu yanapitia kwake.

Sasa mtazame Mike Evans wa Tampa Bay. Tangu aingie ligi 2014 hadi 2024 alipita yadi 1,000 kila msimu, misimu 11 mfululizo, akiifikia rekodi ya Jerry Rice, mpokeaji wa zamani. Kwa jumla ya msimu, miaka hiyo hakukuwa na mpokeaji wa uhakika kuliko huyo. Lakini ingia ndani ya msimu wa 2022. Oktoba 2 alifunga tachidauni mbili dhidi ya Kansas City. Kisha Oktoba ikapita, Novemba ikapita, Desemba ikapita, hakufunga hata moja. Waliomnunua kila wiki kwa imani ya jina walikula hasara wiki nyingi, na wengi walikuwa wameshamkatia tamaa ilipofika Januari 1, 2023, Tampa Bay ilipokutana na Carolina. Siku hiyo alidaka pasi 10, yadi 207, tachidauni 3, zote kutoka kwa mrushaji wake, Tom Brady. Pointi 51.7.

Evans alikuwa mpokeaji wa pasi ndefu. Pasi ya aina hiyo hufika mara chache, na ikifika hulipa madeni ya mwezi mzima. Mpokeaji wa pasi fupi za katikati ya uwanja hudaka 7 kwa yadi 65, na Jumatatu hakuna anayemtaja. Wote wawili wanaweza kumaliza mwaka na jumla zinazokaribiana. Fantasi ya siku moja, hata hivyo, haina mwaka. Ina Jumapili moja. Na hapa ndipo nusu pointi ya FanDuel inapouma. Kwenye DraftKings Kupp alivuna pointi 8 na nusu kwa mechi kwa kudaka tu. FanDuel ingempa 4 na robo. Mdakaji wa pasi fupi nyingi hupoteza nusu ya ngao yake anapohamishiwa kampuni ya pili, ilhali mtu wa pasi ndefu haathiriki sana. Kikosi kilekile hakifai kunakiliwa kutoka jukwaa moja hadi jingine.

Kuhusu taitiendi nitakuwa mfupi. Ni nafasi kavu: wachache hulengewa kama wapokeaji kamili, kama Travis Kelce aliyefikisha yadi 1,416 mwaka 2020, na waliobaki huishi kwa tachidauni ya kubahatisha. Ama ulipe bei ya yule wa juu, ama uchukue wa bei ya chini kabisa. Wa bei ya kati mara nyingi ni pesa iliyopotea.

Mpinzani, upepo na wapanga dau

Sehemu kubwa ya ushauri unaosikika kila wiki inahusu mpinzani: mchague fulani kwa sababu ulinzi wanaokutana nao umeruhusu yadi nyingi. Ushauri huo una ukweli ndani yake, lakini hupewa uzito usiostahili. Mechi ni 17 tu kwa msimu. Mwezi wa kwanza ulinzi umecheza mechi nne, labda mbili kati yake dhidi ya warushaji wa akiba. Takwimu za namna hiyo ni moto wa kifuu. Mpinzani atumike kuamua kati ya wawili waliolingana kazi na bei, asitumike kumpandisha mtu asiyelengewa pasi.

Afadhali makadirio ya wapanga dau. Wao huweka pesa zao wenyewe rehani wanapokadiria jumla ya pointi za mechi na pengo kati ya timu, na ukizichanganya namba hizo mbili unapata matarajio ya pointi za kila timu. Mechi yenye jumla kubwa na pengo dogo ndiyo shamba lenye rutuba kwa warushaji na wapokeaji wa pande zote mbili.

Hali ya hewa pia hueleweka vibaya. Watu huogopa mvua na theluji. Cha kuogopwa ni upepo. Desemba 6, 2021, huko Buffalo, upepo ulivuma kiasi kwamba mrushaji wa New England, Mac Jones, alirusha pasi 3 katika mechi nzima. Mbili zilifika, kwa yadi 19. New England wakashinda 14 kwa 10 kwa kukimbia tu. Hakuna takwimu ya msimu ambayo ingemwokoa mpokeaji yeyote wa timu ile usiku ule, na utabiri wa upepo ulikuwa wazi kwa kila aliyeutafuta kabla ya mechi.

Kufunga jozi

Mkakati unaopendwa kuliko yote ni kumchukua mrushaji pamoja na mpokeaji wake. Mantiki yake huonekana ukifuatilia mpira mmoja. Pasi ya yadi 30 inadakwa ndani ya eneo la tachidauni. Mrushaji anapata 1.2 za yadi na 4 za tachidauni. Mpokeaji anapata 1 ya kudaka, 3 za yadi, 6 za tachidauni. Mpira mmoja, pointi 15.2 kwenye kikosi kimoja. Waliokuwa na Brady na Evans pamoja Januari 1 ile walivuna 51.7 za Evans na zaidi ya 32 za Brady kwa mkono peke yake, kwa yadi zake 432 na tachidauni zile tatu.

Jozi haiongezi wastani wa pointi zako. Inachofanya ni kutanua matokeo pande zote mbili. Siku njema wanapanda wote wawili. Siku mrushaji anapobanwa, nafasi mbili kati ya tisa zimekufa kwa pigo moja. Wanaoiuza jozi kama njia ya usalama wanapotosha watu, na nalisema hili kwa msisitizo kwa kuwa wanaoumia ni wageni wa mchezo wanaodhani wamejikinga. Kuna pia wanaoongeza mpokeaji mmoja wa timu pinzani, kwa hoja kwamba mechi ikigeuka kuwa ya kujibizana, kila upande utamlazimisha mwenzake kuendelea kurusha. Hoja hiyo ni sahihi, na mechi ya Bengals na Baltimore ni mfano wake.

Mizani

Mashindano yako ya aina mbili kubwa. La kwanza ni la nusu kwa nusu: takribani nusu ya washiriki hulipwa kiasi kilekile, awe wa kwanza au aliyepenya kwa tundu la sindano. La pili ni kinyang'anyiro chenye maelfu ya vikosi, ambako sehemu kubwa ya zawadi huliwa na wachache wa juu.

Kwenye nusu kwa nusu, uhakika unastahili bei yake. Mrushaji mwenye miguu, wapokeaji wanaolengewa pasi nyingi, jozi ikijitokeza yenyewe sawa, isipojitokeza usiilazimishe. Kwenye kinyang'anyiro, pointi 12 za uhakika hazikufikishi popote. Huko Evans wa Desemba 2022, aliyeshuka bei na kukimbiwa na watu, ndiye aliyepaswa kutazamwa, kwa sababu ukimpata mchezaji anayelipuka siku ambayo wachache wamemchagua, unawapita maelfu kwa mkupuo. Hasara yake ni kwamba utapoteza wiki nyingi mfululizo kabla ya wiki hiyo moja, na pengine isije.

Ada ya kampuni nayo huingia kwenye hesabu, ingawa haitajwi sana. Ukilipa dola 10 na kurudishiwa 18 ukishinda, kushinda nusu ya mara hakutoshi. Unahitaji kushinda karibu mara 56 katika 100 ili usile mtaji. Na waliopo upande wa pili wa meza si wenzako wa kazini tu. Utafiti wa kampuni ya McKinsey uliochapishwa mwaka 2015, kuhusu fantasi ya besiboli, ulionyesha kwamba asilimia 91 ya faida ya wachezaji katika nusu ya kwanza ya msimu ilichukuliwa na asilimia 1.3 yao. Mwenye familia ya kulisha Marekani na ndugu wanaosubiri pesa kule nyumbani anahitaji kuziona namba hizi kabla ya kuweka dola yake ya kwanza.

Kwa aliyeamua kucheza kwa kiasi anachoweza kukipoteza, faida ya kweli iliyobaki kwa mtu wa kawaida iko kwenye muda. Bei za wachezaji hupangwa siku kadhaa kabla ya Jumapili na hazibadiliki tena, lakini habari za majeruhi huendelea kutoka hadi dakika za mwisho. Mpokeaji mkuu akiumia Ijumaa, pasi zake 9 au 10 hazipotei. Huhamia kwa mwenzake ambaye bado anauzwa bei ya mchezaji wa benchi. Huo ni uhakika wa bei rahisi, na jina kubwa halihusiki. Orodha ya wasiocheza hutolewa dakika 90 kabla ya mechi: kwa mechi za saa saba mchana New York, ni saa tano na nusu asubuhi huko, na kwa anayefuatilia akiwa Mombasa ni saa kumi na mbili na nusu jioni mwanzoni mwa msimu, saa moja na nusu usiku baada ya Wamarekani kurudisha saa zao nyuma mwezi Novemba. DraftKings huruhusu kumbadilisha mchezaji ambaye mechi yake haijaanza, kwa hiyo nafasi ya hiari apewe yule wa mechi za jioni. Ikibainika kufikia hapo kwamba umeachwa nyuma, mtoe mdakaji wa pasi fupi, umweke wa pasi ndefu.